Imondo Ina Mwenyewe

Jumamosi asubuhi nilikuwa napiga pasi tisheti ya shukrani ya familia, na kama kawaida yangu mawazo yalikuwa mbali na mikono. Pasi ikapita juu ya maandishi. Rangi ile ya mpira ikanata, ikavutika, na harufu ikapanda: harufu chungu ya plastiki inayoungua, ile inayokwaruza koo na kukaa puani hata ukifungua madirisha yote. Nikazima pasi, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Wengine harufu hiyo ingewakera tu wakapita. Mimi ilinirudisha Lumakanda, jikoni kwa Kukhu, mama yake baba, mwaka niliokuwa darasa la tano. Na hasira niliyoiacha jikoni mle niliikuta palepale, haijapoa.

Wacha kwanza niwaambie kuhusu hizi tisheti, maana msipozielewa mtaniona mtu wa kisirani. Kila mwaka, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, kamati ya familia inafungua kundi kwenye simu la kupanga sherehe ya shukrani ya Desemba. Watu wanagombana juu ya rangi. Mwaka jana ilikuwa kijani, mwaka huu ni zambarau, na mgongoni zimeandikwa TUMEBARIKIWA kwa herufi za kusomeka mpaka Kitale. Wanajadili hema, keki, mpiga picha, mwendesha sherehe. Mimi nikauliza swali moja tu: mwaka huu tunamshukuru nani? Baadaye mtoto wa binamu yangu mmoja akajibu, "Tunamshukuru Mungu, Anti Nekesa, na tunajishukuru sisi wenyewe kwa kufika mbali." Mungu sina ugomvi naye. Lakini mtu kukodi hema ili ajishukuru mwenyewe, hapo nikaweka simu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Haikuwa hivyo mwanzo. Kuka, babu yangu, alihamia Lumakanda kutoka upande wa Butali mashamba ya Wazungu yalipogawanywa, akaja na mke, jembe, na maneno machache. Mavuno yake ya kwanza yasingekuwepo kama jirani mmoja asingemwazima ng'ombe wa kulimia. Basi mahindi yalipokauka na kuingia ghalani, Kuka alichinja jogoo mmoja, akamwita yule jirani, akamketisha kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo nyumbani, na mbele ya watu akampa firigisi. Sisi twaiita imondo. Kwetu mgeni ukimchinjia kuku ukamnyima imondo hujamchinjia kitu, umemtupia mifupa. Lakini Kuka aliongeza lake. Kabla imondo haijatua kwenye sahani ya mtu, mwenye boma alisimama, akavua kofia, akasema wazi huyu mtu amefanya nini. "Tunasemanga kwanza," alikuwa akisema Kuka, "ndio tunakula."

Tangu hapo ikawa kila Desemba jogoo mmoja, mtu mmoja. Mwaka mmoja alikuwa daktari wa mifugo aliyeacha chakula chake mezani akaja kumtoa ndama tumboni. Mwaka mwingine, na huu naukumbuka kwa macho yangu, alikuwa yule bwana wa sokoni aliyekuwa akizungumza peke yake na kuvaa makoti mawili juani. Alikuwa amemwona mtamba wetu aliyepotea, akamsukuma mpaka langoni kwetu huku akimhutubia. Watoto tulicheka tukifinyana. Kuka hakucheka. Alivua kofia kwa yule bwana kama alivyoivua kwa daktari, akaeleza habari ya mtamba tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akampa imondo. Yule bwana aliitafuna kwa utaratibu, akatuangalia mmoja mmoja, na siku hiyo hakuzungumza peke yake hata neno. Sisi wengine tulikula obusuma bwa wimbi, ugali mweusi wenye harufu ya moshi, na kunde zilizolainishwa kwa musherekha, ile chumvi ya majivu ambayo Kukhu aliichuja mwenyewe. Chakula kikiisha tuliimba wimbo mmoja wa kanisa, tukaenda kulala tumeshiba.

"Ukishukuru kila mtu," alikuwa akisema Kukhu, "hujashukuru mtu."

Kuka alipofariki, boma likawa chini ya Baba Mkubwa Shadrack, kaka yake baba, aliyefanya kazi Nairobi katika ofisi yenye lifti. Lifti hiyo tuliisikia sana. Desemba ya kwanza alitwambia jogoo mmoja ni aibu kwa familia ya kiwango chetu. Ya pili akaleta hema na kipaza sauti. Ya tatu, ndiyo hii ninayowasimulia, akaleta tisheti, wapishi wa kukodi waliovaa kofia nyeupe, mwendesha sherehe kutoka Kakamega mjini, na mgeni wa heshima. Mgeni huyo alikuwa mkubwa wake wa kazini, mzee mnene mpole, mzaliwa wa Butere, Mluhya kamili. Shikeni hapo, mzaliwa wa Butere.

Sasa mnisikilize kuhusu mwaka wenyewe. Mahindi yalipokuwa yanafika magotini, mama alilazwa hospitalini Kakamega na ujauzito uliomgeukia vibaya. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutia hofu, na mama hakurudi nyumbani mpaka mvua kubwa zilipopita. Baba alikuwa huku na kule, nusu hospitalini nusu njiani. Magugu hayangoji mgonjwa. Shamba letu lingemezwa, nasi watoto tungelala na viazi baridi, kama si Mama Nafula.

Mama Nafula alikuwa mke wa kwanza wa Baba Mkubwa. Baba Mkubwa alipopata mke mwingine Nairobi, alirudi Lumakanda akatia kufuli nyumba ya Mama Nafula, akatangaza kwamba huyo si wa boma letu tena. Yeye na binti yake Nafula wakapanga chumba karibu na soko, akawa anakaanga mandazi. Watoto tulikatazwa kumwita mama mkubwa. Hatukuambiwa tumwite nani badala yake, basi tukabaki na Mama Nafula, jina ambalo hakuna aliyeweza kulitilia kufuli.

Hakuitwa. Alisikia tu sokoni kwamba mama amelazwa, na kesho yake alfajiri nikasikia kishindo cha ndoo uani. Alikamua ng'ombe, akatupikia uji, akanichana nywele akazifunga kwa nguvu hata macho yakanivutika, kisha akachukua jembe akaingia shambani. Ndivyo ilivyokuwa siku baada ya siku. Alipalilia mara ya kwanza akamaliza, akarudia mara ya pili, mgongo umeinama katikati ya mistari, leso ya kichwani imelowa. Alinuka moshi na mafuta ya mandazi, na mkono wake ulikuwa mzito; ukidanganya kwamba umenawa, ungejua. Nilimpenda kuliko nilivyojua kusema. Baba Mkubwa naye alipiga simu kutoka Nairobi akasema tuko pamoja katika maombi.

Mahindi yalizaa vizuri mwaka ule. Magunia yalijaa ghala, mengine yakalala sebuleni, tukawa tunapita ubavu.

Siku chache kabla ya shukrani nilimsikia mama akimwambia baba, "Mwambie kaka yako. Mwaka huu mtu wa kuitwa anajulikana." Mama alikuwa ananyonyesha, sauti yake chini. Baba akavuta pumzi, akasema, "Unamjua alivyo. Tusiharibu siku ya watu." Baba yangu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo nikimaanisha, lakini mbele ya kaka yake alikuwa akikunjika. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikipukuchua mahindi, nikasugua kibunzi hadi vidole vikauma. Fadhila ya punda ni mateke, tulikuwa tumefundishwa shuleni muhula uleule. Nikajiuliza katika nyumba yetu punda ni nani.

Kukhu alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta, na kuta zetu zilikuwa nyembamba. Asubuhi alitoka nje akamtazama jogoo wake kwa muda mrefu. Alikuwa amebaki huyo tu. Kideri kilikuwa kimepita kikafagia kuku wa kijiji kizima, na jogoo huyu, mwekundu mwenye shingo iliyonyonyoka, alinusurika kwa ukorofi wake mwenyewe.

Siku ikafika. Tangu asubuhi spika zilikuwa zikilia na kupiga mluzi wa kutoboa masikio. Tulipewa tisheti za bluu zenye jina la ukoo kifuani. Yangu ilinifika magotini na ilinuka rangi mpya. Kukhu alipewa yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kuni. Wapishi wa kukodi waliweka majiko yao nyuma ya hema na hawakutaka mwanamke wa boma awasogelee. Walikuja na kuku wao kutoka mjini, kuku wa gredi, weupe, wamesafishwa wakafungwa kwenye karatasi za nailoni, hawana kichwa, hawana miguu. Mama na shangazi zangu walisimama mbali wakiangalia. Hakuna aliyeuliza vya ndani ya kuku vimekwenda wapi.

Kukhu hakwenda kuangalia. Aliniita nimshikie miguu ya jogoo. Tulimchinja nyuma ya jikoni, tukamtia maji ya moto, tukamnyonyoa, na kazi ya imondo akaniachia mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliipasua kama alivyonielekeza, pole pole, nisiikate ikawa vipande viwili. Ndani mlikuwa na vijiwe na punje za mahindi mapya, bado nzima, za manjano. Kukhu alizitazama kiganjani mwangu, akasema, "Hizo ndizo alizopalilia." Kisha akanionyesha jinsi ya kubandua ile ngozi ya ndani.

"Kukhu, si imondo ni ya wanaume?" niliuliza. Enzi zake mwanamke hakula kuku kabisa. Yeye mwenyewe alianza kuonja mchuzi uzeeni, na imondo hakuwahi kuitia mdomoni.

"Kama jembe linajua mikono ya mwanamke," akasema, "imondo nayo itajifunza njia."

Mama Nafula alikuja kwa njia ya nyuma, kupitia mabua ya mahindi, akiwa na gauni lake la kanisani. Kukhu alikuwa amemtumia ujumbe aje ale. Alisita mlangoni, akasalimu kwa goti, akaketi kwenye kigoda akiupa mlango mgongo. Lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Kabla sufuria haijachemka alikuwa ameshauchukua mwiko mkononi mwa Kukhu na kuanza kusonga obusuma. Mama aliingia na mtoto mgongoni, akamwona, akamshika bega. Mpango wa Kukhu ulikuwa rahisi: kuku akiiva, atamwita baba jikoni, avue kofia, aseme kama Kuka alivyokuwa akisema. Humohumo jikoni, bila kipaza sauti. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza paka, na nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Huko hemani chakula kikaanza kupakuliwa. Mgeni wa heshima alipewa bakuli lake peke yake, kuku mzima ndani ya mchuzi. Haya nilihadithiwa na binamu zangu waliokuwa karibu, kila mmoja akiniigizia. Mzee alinawa, akasali, akachukua kijiko akakoroga. Akageuza paja. Akageuza kifua. Akakoroga tena hadi chini, kama mtu anayetafuta pete kisimani. Wazee wa boma waliacha kutafuna. Mwishowe aliweka kijiko, akafunika bakuli kwa sahani, akalisogeza mbele kidogo kwa vidole viwili, akasema kwa upole mkubwa kwamba yeye kwa kweli alikuwa amekula njiani.

Angekuwa mtu wa kwingine angekula akashiba. Lakini mzaliwa wa Butere apewe kuku asiye na imondo, asamehe? Baba Mkubwa alielewa papo hapo. Aliinuka akaja mbio jikoni kwa Kukhu, koti la suti juu ya tisheti, akainama chini ya kizingiti, moshi ukampiga machoni.

"Mama, imondo iko wapi?"

"Ya kuku gani?" Kukhu akauliza. "Wako walikuja bila."

"Huyo wa kwenye sufuria. Nipe hiyo. Mgeni ameacha chakula."

"Hii iko na mwenyewe," Kukhu akasema.

"Mwenyewe nani?"

Kukhu akaelekeza kwa mdomo. Baba Mkubwa akapangusa macho, akatazama, na mgongo aliouona akautambua kabla uso haujageuka. Nje kipaza sauti kilikuwa kikimwomba mkuu wa familia arejee mezani kwa haraka. Jikoni obusuma ulikuwa ukitoa pumzi kwenye sufuria, na mtoto wa mama alikuwa akikohoa kidogo kwa sababu ya moshi.

"Mwombe yeye," Kukhu akasema. "Sema kwanza alifanya nini hapa kwetu, ndio uchukue. Baba yako alikufundisha."

Ninawaambia, sikuwahi kumwona mtu mzima akitokwa jasho namna ile. Aliitazama sufuria, akamtazama mama, akanitazama hata mimi. Nilisema moyoni: sema. Sema alipalilia. Sema alikamua. Ni maneno machache tu, hata mtoto anaweza.

"Mama Nafula," akasema mwishowe. "Mgeni yuko pale nje. Naomba. Tafadhali."

Basi. Hayo tu. Na Mama Nafula, badala ya kumwambia rudi useme, aliweka mwiko chini. Kukhu aliichukua ile tisheti yake mpya juu ya kuni, akaikunja, akashikia nayo sufuria na kuitua, na herufi za jina la ukoo zikaungua, harufu ikajaa jikoni. Mama Nafula akazamisha upawa, akaitoa imondo, nzima, imevimba kwa mchuzi, akaiweka kwenye sahani ndogo, akafunika kwa nyingine, akampa kwa mikono miwili.

"Mpelekee mgeni kabla haijapoa," akasema.

Akaichukua akatoka. Nilipiga teke beseni la maji ya manyoya likagonga ukuta. Nililia kwa sauti, kilio cha hasira kinachotoka na kwikwi. Kukhu akaniambia nyamaza, nikakataa kunyamaza, akaniacha. Mama alikuwa ameuegemeza uso wake kwenye mwimo wa mlango.

Huko nje mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mgeni alipofunua sahani alitabasamu, akaitafuna imondo yake taratibu, akavuta bakuli karibu na kulimaliza. Akahutubu. Akasema boma hili linajua mila. Watu wakapiga makofi, keki ikakatwa. Kisha mwendesha sherehe akasema, na maneno haya niliyasikia mwenyewe kupitia spika, "Tusiwasahau akina mama wa jikoni, tuwapigie kofi moja la kilo." Wakapiga. Kofi moja, kwa wote.

Jikoni Mama Nafula alikula bawa na kipande cha mgongo, akashukuru, akanawa. Kukhu, ambaye kwa magoti yake mabovu hakuwa akimsindikiza hata mchungaji, alichukua fimbo akamsindikiza kupitia mabua mpaka mpakani. Niliwafuata nyuma nikiburuta miguu. Halafu, karibu na ua, Mama Nafula akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha sauti, kisha ikabidi asimame ashike fimbo ya Kukhu.

"Umesikia vile alisema tafadhali?" akauliza. Na Kukhu naye akacheka.

Niliwachukia wote wawili kwa kicheko kile. Kwangu mimi kulikuwa kumeibwa kitu mchana kweupe, na wenye mali wanacheka. Nilikaa na uchungu huo miaka mingi. Hema ziliongezeka ukubwa, wageni wa heshima wakabadilika, Kukhu akafariki, na mimi kila Desemba nikivaa tisheti nilisikia ladha ya ule moshi.

Ilinichukua kuwa mke wa mtu, na kuishi katika nyumba ambamo nilipika na kufua na kuuguza miaka na miaka huku kila kijiko kikiitwa cha mama mkwe, ndipo siku moja nikiwa naosha vikombe nikaelewa. Mama Nafula alikuwa ameingia boma lile akiwa msichana. Nyumba aliyolala ilitiwa kufuli na mtu mwingine. Shamba alilopalilia lilikuwa letu. Hata cheo cha kuitwa mama mkubwa kilichukuliwa kwa tangazo. Na siku ile Kukhu alimtazama mwanawe wa kwanza, mbele ya watu, mgeni anangoja na spika zinalia, akamwambia kitu hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni huyu. Katika boma letu zima, kitu pekee kilichowahi kuitwa chake kilikuwa firigisi ya kuku. Ndiyo maana aliweza kuitoa. Mtu hutoa kilicho chake. Na yule aliyemfungia nyumba alilazimika kuinama na kumwomba.

Nimeelewa hivyo, lakini msidhani kuelewa kumenituliza. Kukhu alimpa nusu ya shukrani, na nusu nyingine ilimshinda Baba Mkubwa kuitoa kooni. Ile ya kusema. Hakuna aliyesema. Baba hakusema, na sasa hayupo. Baba Mkubwa ni mzee wa fimbo, mwenyekiti wa heshima wa kamati ya tisheti, na bado hajasema. Mahindi yale tuliyala mwaka mzima, yakanipeleka darasa la sita, na mpaka leo jina la aliyeyapalilia halijatajwa chini ya hema lolote.

Kwa hiyo Jumamosi, tisheti ikiwa imeungua na chumba kinanuka, nilichukua simu. Mama Nafula anaishi Butali kwa Nafula, karibu na mashamba ya miwa. Tuliulizana hali, mvua, magoti, wajukuu. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, Desemba hii siendi hemani. Nakuja kwako na jogoo. Wa kienyeji. Nitamchinja mwenyewe, na imondo ni yako."

Kisha nikasikia kile kicheko cha mpakani, sasa kimechakaa, kina upepo mwingi ndani.

"Imondo ni ngumu, mwanangu," akasema. "Mimi meno yaliisha kitambo. Siku hizi hata mandazi naloweka."

Nilikaa pale na tisheti ya zambarau mapajani, shimo la pasi katikati ya neno, nikawa nimeshikwa na ghadhabu ileile ya jikoni, ya kuchelewa, ya watu wazima kungoja mpaka kinywa cha mtu kinabaki fizi.

"Lete tu," akasema. "Utaitafuna wewe, mimi nitakuangalia. Lakini usinianzie kutafuna kama hao wa Nairobi. Unasemanga kwanza."

Nikamwuliza kama naweza kuanza kusema sasa hivi.

"Ngoja nikae vizuri," akasema, na nikasikia kigoda kikivutwa.

Nikainuka. Sina kofia, nikafungua kilemba. Nikaanza na ile ndoo iliyogonga uani alfajiri.